Birika la Umeme Nyumbani: Mwongozo Kamili wa Kupima Kama Linakufaa Kabla ya Kulinunua

Swali la kama birika la umeme linafaa kununuliwa kwa matumizi ya nyumbani hujibiwa mara nyingi kwa hisia. Mmoja husema linamaliza LUKU, mwingine husema limemwokolea gesi, na muulizaji huenda dukani bila hesabu yoyote mkononi. Matokeo yake yanajirudia: soketi inayeyuka, birika linaungua ndani ya miezi michache, wapangaji wanagombana juu ya mchango wa umeme, au chombo kinarudishwa kwenye boksi lake na kuwekwa juu ya kabati.

Hatua zinazofuata zinatumia bei na mazingira ya Tanzania bara. Anayetumia TUKUZA Zanzibar au tokeni Kenya atafuata njia ileile, ila aweke bei ya umeme na ya gesi ya kwake.

## Mahitaji

- Ujumbe au risiti ya karibuni ya kununua LUKU.
- Mita, au rimoti yake, inayoonyesha uniti zilizobaki.
- Chupa tupu ya maji ya lita moja au lita moja na nusu, itakayokuwa kipimo.
- Chupa ya chai inayotunza joto kwa saa kadhaa.
- Karatasi, kalamu na kikokotoo cha simu.
- Pasi ya umeme, yako au ya kuazima, kwa ajili ya kupima soketi.
- Siki au ndimu ya unga, kwa usafi wa baadaye.
- Fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, iwapo nyumba ni ya zamani au nyaya zake zimeungwaungwa.

Birika lenyewe halimo katika orodha hii kwa makusudi, kwa kuwa hatua tano za kwanza hufanyika kabla ya kulinunua.

## Hatua ya 1: Hesabu lita unazochemsha kwa siku

Kwa siku tatu za kawaida, andika kila mara maji yanapochemshwa nyumbani, kwa kazi gani na kwa kiasi gani. Tumia chupa kupima, kwa sababu macho hudanganya: sufuria inayodhaniwa kuwa ya lita mbili mara nyingi huchukua tatu.

Tenganisha matumizi katika makundi manne: chai na kahawa, maji ya kunywa, maji ya kuoga, na maji ya kupikia. Usihesabu chai ya maziwa inayopikwa kwa majani, tangawizi na iliki ndani ya sufuria moja, kwa kuwa birika la umeme halipiki maziwa. Maziwa hushika kwenye sehemu ya chini yenye joto kali na kuungua, kisha povu huingia katika tundu la mvuke linaloongoza swichi ya kujizima. Familia inayokunywa chai ya maziwa peke yake, asubuhi na jioni, imekwisha kupata sehemu kubwa ya jibu lake katika hatua hii ya kwanza.

Umefaulu ukiwa na namba moja ya jumla, kwa mfano lita 2 kwa siku kwa mpangaji anayeishi peke yake, au lita 12 kwa familia inayochemsha pia maji ya kunywa.

## Hatua ya 2: Tafuta bei halisi ya uniti yako

Majirani wawili wanaweza kununua LUKU kwa fedha ileile wakapata uniti tofauti kabisa, kwa kuwa wako katika makundi tofauti ya bei. Katika bei zilizopangwa na EWURA mwaka 2016, mteja wa matumizi madogo, yaani D1, hulipa shilingi 100 kwa kila uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na zinazozidi hapo hutozwa shilingi 350. Mteja wa kawaida, yaani T1, hulipa shilingi 292 kwa kila uniti tangu ya kwanza.

Juu ya bei hizo huongezwa VAT ya asilimia 18, tozo ya REA, yaani wakala wa umeme vijijini, ya asilimia 3 na ya EWURA ya asilimia 1. Kwa hiyo uniti ya D1 humfikia mteja kwa shilingi 122 hivi, na ya T1 kwa shilingi 356 hivi.

Chukua ujumbe wako wa mwisho, toa kwanza makato ya kodi ya majengo iwapo yamo, kisha gawanya fedha iliyobaki kwa idadi ya uniti ulizopewa. Wengi husahau kutoa kodi hiyo, ambayo kwa nyumba ya kawaida ni shilingi 1,500 kwa mwezi, kisha hushtuka kuona uniti moja imewagharimu zaidi ya shilingi 500. Ukipata namba isiyokaribia 122 wala 356, rudia kwa ujumbe wa manunuzi ya pili ya mwezi huohuo, ambapo makato hayo kwa kawaida huwa yamekwisha kufanyika.

Andika pia jumla ya uniti ulizotumia mwezi uliopita. Kwa mteja wa D1, namba hii ina uzito kuliko bei yenyewe, na sababu itaonekana katika hatua inayofuata.

## Hatua ya 3: Geuza lita kuwa fedha

Lita moja ya maji yenye joto la nyuzi 25, ili ifike nyuzi 100, inahitaji nishati ya takriban kilojuli 314, ambayo ni sawa na uniti 0.087 (uniti moja ni kilowati-saa moja). Ukiongeza joto linalopotea kupitia mwili wa birika na mvuke, makadirio yanayofaa kwa hesabu za nyumbani ni uniti 0.1 kwa lita. Kwa maneno mengine, uniti moja huchemsha karibu lita 10.

Kwa mteja wa D1, kuchemsha lita moja kunagharimu shilingi 12 hivi. Kwa mteja wa T1 ni shilingi 36 hivi. Kikombe kimoja cha chai, ambacho ni robo lita, hakifiki shilingi 10 hata kwa anayelipa bei ya juu.

Kwa nini basi birika la umeme lina sifa mbaya? Sababu ni kwamba linavuta umeme mwingi kwa wakati mmoja, na taa ya mita huwakawaka kwa kasi inayotisha. Lakini mita hutoza jumla ya nishati iliyotumika, na kasi pekee haina bei yake. Bomba nene hujaza ndoo kwa dakika moja na bomba jembamba kwa dakika tano, ila ndoo ni ileile na maji ni yaleyale. Birika la wati 2200 humaliza kazi mapema na kujizima, ilhali la wati 1000 hufanya kazi ileile kwa muda mrefu zaidi na hupoteza joto zaidi njiani.

Sasa zidisha: lita za siku, mara 0.1, mara siku 30, mara bei ya uniti.

Mpangaji wa lita 2 kwa siku atatumia uniti 6 kwa mwezi. Hizo ni shilingi 732 kwa D1 na shilingi 2,136 kwa T1, na hapo hakuna sababu ya kuogopa.

Familia ya lita 12 kwa siku itatumia uniti 36 kwa mwezi. Kwa T1 ni shilingi 12,816. Kwa D1 inayotumia uniti 30 tu kwa mambo mengine, ni shilingi 4,392, kwa kuwa jumla ya uniti 66 bado iko ndani ya kikomo.

Tahadhari kubwa kwa wateja wa D1. Chukulia kwamba familia hiyohiyo tayari inatumia uniti 55. Ikiongeza 36 itafika 91, na uniti 16 zilizovuka kikomo zitatozwa shilingi 350 kabla ya kodi, yaani takriban 427 kila moja. Gharama ya maji ya moto pekee inapanda hadi shilingi 9,272.

Hilo si baya kuliko yote. Anayezidisha uniti 75 mara kwa mara anaweza kuhamishiwa T1, na akihamishwa, uniti zake zote 91 zitakuwa za shilingi 356, yaani shilingi 32,396 kwa mwezi, wakati kabla ya birika alikuwa akilipa shilingi 6,710 kwa uniti zake 55. Wanaosema birika limewamalizia LUKU mara nyingi wamekutwa na jambo hili, ingawa wao hudhani birika lenyewe ni bovu.

Umefaulu katika hatua hii ukiwa na namba mbili: gharama ya mwezi kwa shilingi, na jumla mpya ya uniti baada ya kuongeza birika. Mteja wa D1 anayekaribia 70 na apunguze lita alizopanga kuchemsha kwa umeme, aanze na chai pekee, na maji ya kunywa ayaache kwenye jiko lake la kawaida.

## Hatua ya 4: Linganisha na jiko unalotumia sasa

Kwa gesi, lita moja ya maji huhitaji takriban gramu 14, ikichukuliwa kwamba nusu ya joto la moto huingia kwenye sufuria na nusu hupotea pembeni. Ukijaza mtungi wa kilo 6 kwa shilingi 24,000, kila gramu imekugharimu shilingi 4, na lita moja ya maji yaliyochemka imekugharimu shilingi 56. Weka bei ya mtungi wako mwenyewe katika hesabu hiyo.

Hapo jambo ambalo wengi hawalitarajii linajitokeza: kwa kuchemsha maji tu, umeme ni nafuu kuliko gesi hata kwa mteja wa T1. Kwa bei hiyo ya gesi, uniti ingepaswa kupanda hadi shilingi 560 ndipo viwili hivyo vilingane.

Hata hivyo usikimbilie dukani. Kwa T1 unaokoa shilingi 20 kwa lita. Birika la shilingi 35,000 litarudisha fedha yake baada ya lita 1,750, na kwa nyumba inayochemsha lita 3 kwa siku, huo ni muda wa zaidi ya mwaka mmoja na nusu. Kwa D1 unaokoa shilingi 44 kwa lita, na muda unapungua hadi miezi 9 hivi. Birika la bei rahisi linalokufa kwenye mwezi wa nne halitarudisha fedha yake kwa mteja yeyote, na ndiyo maana nashauri mtu wa T1 alinunue kwa ajili ya muda na urahisi, akiba aihesabu kuwa nyongeza tu.

Mkaa una hesabu yake ya pekee. Kuwasha jiko la mkaa kwa ajili ya vikombe viwili vya chai ni hasara ya wazi ya mkaa na ya nusu saa. Lakini kama jiko limekwisha kuwashwa kwa ajili ya maharage, sufuria ya maji inayowekwa juu ya makaa yaliyobaki haina mshindani wa bei, na hakuna birika litakalolishinda jiko hilo.

Kwa anayetegemea sola ndogo ya taa na simu, jibu ni fupi: birika la kawaida la 230V halitafanya kazi kwenye mfumo huo.

## Hatua ya 5: Pima soketi kabla ya kununua

Birika la wati 2200 huvuta karibu ampea 9.6 kwenye umeme wa volti 230, na la wati 1500 huvuta 6.5. Soketi nzuri ya ampea 13 iliyofungwa kwa waya wa milimita 2.5 za mraba hubeba mzigo huo bila shida. Soketi iliyolegea, au iliyoungwa kwa waya mwembamba wa taa, itapata moto mahali palipolegea, na huko ndiko plastiki huanza kugeuka rangi ya kahawia.

Chomeka pasi kwenye soketi unayokusudia kuitumia, iwashe kwa joto la juu na uitumie kwa dakika kumi. Zima, chomoa, kisha gusa uso wa soketi na mwili wa plagi.

Uvuguvugu ni wa kawaida. Ikiwa imekuwa ya moto kiasi cha kukufanya utoe mkono, au kuna harufu ya plastiki, au ulisikia milio midogo ya cheche wakati wa kuchomeka, soketi hiyo haifai. Kumbuka kwamba pasi nyingi ni za wati chache kuliko birika, kwa hiyo soketi iliyoshindwa na pasi itaharibiwa na birika. Mwite fundi aibadilishe kwanza.

Yafuatayo yasifanyike hata kama yamezoeleka:

- Kutumia ekstensheni nyembamba, hasa ile ambayo tayari imebeba friji na televisheni. Birika lichomekwe moja kwa moja ukutani.
- Kupitisha birika kwenye kifaa cha kulinda friji. Vingi havikutengenezwa kwa mzigo huo, na birika halihitaji ulinzi wa namna hiyo.
- Kuingiza kalamu au kijiti kwenye tundu la juu la soketi ili plagi ya pini mbili iingie. Tundu hilo ni la waya wa ardhi, na kulipita kunaliacha birika la chuma bila kinga. Siku waya wa ndani ukigusa mwili wa birika, atakayelishika atapigwa na umeme.

## Hatua ya 6: Chagua dukani kwa macho na kwa maji

Geuza birika uangalie maandishi ya chini. Yanapaswa kuonyesha volti 220–240 (V), mizunguko 50 kwa sekunde (Hz) na wati zake (W). Birika la mtumba lenye maandishi ya volti 110 au 120 limetengenezwa kwa umeme wa nchi kama Marekani, na likichomekwa kwenye umeme wetu litavuta karibu mara nne ya nguvu lililokusudiwa, kisha litaungua.

Kuhusu wati, nyumba yenye nyaya mpya inaweza kuchukua la 1800 hadi 2200. Nyumba ya zamani, au chumba cha kupanga ambacho breka huanguka kila pasi na friji vinapokutana, ichukue la 1500. Tofauti ya kusubiri ni ndogo: lita moja huchemka kwa dakika 4 hivi badala ya 3.

Angalia pia alama ya kiwango cha chini cha maji. Birika kubwa la lita 1.8 mara nyingi halitakiwi kuwashwa likiwa na chini ya nusu lita, na anayeishi peke yake atajikuta akichemsha maji ya vikombe viwili kila anapotaka kimoja. Kwake yeye birika la lita moja linatosha.

Kwa upande wa ndani, napendekeza chuma kisichoshika kutu chenye koili iliyofichwa chini ya sakafu ya birika. Koili iliyo wazi hufanya kazi vizuri, lakini hutaka kufunikwa na maji wakati wote na husumbua kusafisha. Plastiki ya bei rahisi huacha harufu kwenye maji kwa wiki nyingi.

Tafuta alama ya TBS, shirika la viwango la Tanzania, dai risiti, na uliza muda wa dhamana uandikwe kwenye risiti hiyo.

Sasa lijaribu. Katika maduka ya Kariakoo na kwingineko muuzaji huwa tayari kukuchomekea, ila wengi huliwasha bila maji, wakaonyesha taa, wakazima. Jaribio hilo halithibitishi lolote zaidi ya taa. Omba liwekwe maji ya nusu lita, subiri yachemke, na usiondoke kabla hujaliona likijizima lenyewe. Kisha linyanyue uangalie kitako na sehemu ya chini: tone moja la maji pale kwenye kiungo cha mpini au cha sakafu ni sababu tosha ya kudai jingine.

Umefaulu ikiwa birika limejizima ndani ya sekunde chache baada ya maji kuchemka kwa nguvu, kifuniko kinafunga kwa mlio thabiti, na chini ni pakavu.

## Hatua ya 7: Lipime kwa mita yako

Ukifika nyumbani, chemsha maji mara mbili na kuyamwaga, ili kuondoa vumbi na mabaki ya kiwandani.

Kisha zima vitu vyote: friji, feni, televisheni, chaja. Soma uniti zilizobaki kwenye mita pamoja na desimali zake. Chemsha lita 1.5, mwaga au hifadhi, acha birika lipoe, kisha chemsha lita 1.5 nyingine za maji ya kawaida. Soma mita tena na utoe.

Kwa lita 3 unapaswa kuona uniti 0.3, au zaidi kidogo. Maji ya sehemu zenye baridi kama Mbeya huanza na joto la chini, ingawa pia huchemka chini ya nyuzi 100 kutokana na mwinuko, kwa hiyo tofauti haiwi kubwa. Ukiona 0.5 au zaidi, kuna kifaa ambacho hukukizima, au kuna mtu mwingine kwenye laini yako. Wachache wamegundua waya wa jirani kwa njia hii.

Usitishike ikiwa birika linachukua dakika saba jioni na dakika nne alfajiri. Jioni umeme unaposhuka hadi volti 180, nguvu ya birika hushuka hadi karibu asilimia 60 ya kawaida yake. Linachelewa, lakini uniti zinazotumika zinabaki karibu zilezile, wala umeme mdogo hauliharibu kama unavyoharibu friji.

### Kwa wanaochangia LUKU moja

Mama au baba mwenye nyumba anapokataza birika, hukataza pamoja na hita na jiko la umeme, kwa kuwa kwake vyote ni vyombo vya moto. Onyesho la mita lina nguvu kuliko maelezo. Mwombe ashuhudie kipimo hicho kwa heshima, mkikubaliana saa ambayo wapangaji wengine hawatumii umeme, kisha mpige hesabu pamoja: lita 2 kwa siku ni uniti 6 kwa mwezi, wakati friji dogo linaweza kutumia karibu uniti moja kila siku.

Jitolee kulipa nyongeza hiyo waziwazi kabla ya kuulizwa. Ikiwa mita ni ya D1 na nyumba nzima inakaribia uniti 75, mwenye nyumba yuko sahihi kukataa, na hapo ni busara kumwelewa.

## Hatua ya 8: Litumie kwa kazi zinazolifaa

Chemsha kiasi unachohitaji tu. Kosa linalopoteza uniti kuliko yote ni kujaza birika lote kwa ajili ya kikombe kimoja, kuliacha lipoe, kisha kuliwasha tena baada ya saa moja. Maji yanayobaki yaende kwenye chupa ya chai papo hapo.

Kifuniko kifungwe daima. Birika hujizima kwa sababu mvuke hupita kwenye njia maalumu na kukipasha kisahani cha metali mbili, ambacho hupinda na kuikata swichi. Kifuniko kikiwa wazi mvuke hutawanyika, swichi haipati habari, na maji yatachemka hadi yakauke. Kinga ya pili iliyo chini ya birika hukata umeme likiwa tupu, lakini haikuwekwa ili itegemewe kila siku.

Maji ya kunywa. Maji yaliyofika kuchemka kwa nguvu, mapovu makubwa yakipanda mfululizo, ni salama dhidi ya vijidudu. Kwa tahadhari watu huyachemsha kwa dakika moja zaidi, na katika miinuko ya juu ya mita 2,000 kwa dakika tatu. Birika linalojizima mapema mno unaweza kuliwasha tena mara moja. Maji yenye tope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi, na yakishachemka yahifadhiwe kwenye chombo chenye mfuniko na bomba, kwa sababu kikombe kinachozamishwa humo hurudisha uchafu uleule.

Maji ya kuoga. Huna haja ya kuchemsha ndoo nzima. Lita 2 zilizochemka zikichanganywa na lita 10 za maji ya kawaida hutoa lita 12 zenye joto la karibu nyuzi 37, kwa uniti 0.2 tu. Weka maji ya baridi kwanza ndipo umimine ya moto, hasa penye watoto, ili ndoo isikae hata kwa dakika moja ikiwa na maji ya kubabua.

Kupikia. Maji ya ugali yaliyochemshwa kwenye birika na kumiminwa kwenye sufuria iliyo juu ya gesi huokoa gesi na muda. Kwa maharage akiba ni ndogo, kwa kuwa gharama yake iko kwenye saa za kutokota baada ya kuchemka.

Waya usining'inie ukingoni mwa meza. Mtoto anayejifunza kutembea huvuta kila kinachoning'inia.

## Hatua ya 9: Ondoa magamba kabla hayajaliua birika

Maji ya visima vingi vya Dar es Salaam yana chumvi, na ya Dodoma huacha ukoko mweupe haraka. Ukoko huo hukaa juu ya sakafu ya moto na kuzuia joto kuingia kwenye maji, koili inapata moto kupita kiasi, na kinga ya chini inaanza kukata umeme kabla maji hayajachemka. Wengi hulitupa birika katika hatua hiyo wakidhani limekufa.

Weka siki na maji kwa kiasi sawa hadi ukoko ufunikwe, acha kwa saa moja bila kuchemsha, kisha mwaga. Kama unatumia ndimu ya unga, chemsha lita moja ya maji, zima, chomoa, tia vijiko viwili vya chakula na uache kwa nusu saa. Suuza, chemsha maji safi mara moja na uyamwage. Penye maji magumu fanya hivyo kila mwezi; penye maji laini, kila baada ya miezi mitatu au minne.

Usisugue kwa waya wa kusugulia sufuria, kwa kuwa mikwaruzo hukaribisha kutu, na usilizamishe birika wala kitako chake ndani ya maji. Sakafu inapaswa kuonekana ikiwa na rangi yake ya chuma, na mlio wa kuchemka kupungua.

Birika likigoma kabisa, kagua kwanza fyuzi iliyo ndani ya plagi ya pini tatu, ambayo bei yake ni ndogo mno. Ikiwa ni nzima, liweke juu ya kitako cha birika la mtu mwingine la aina hiyohiyo: likiwaka, kilichokufa ni kitako au waya wake, na fundi anaweza kukirekebisha kwa gharama nafuu. Lisipowaka, tatizo ni swichi au koili. Swichi hubadilishwa ikiwa kipuri kinapatikana, lakini koili iliyofichwa ikiungua, na vilevile birika linalovuja chini, usilipe fundi.